Nyanya Zilizooza Nikiimba

Mbale,
Jumapili jioni

Mama Mapacha, mwenzangu wa tangu bweni,

Salamu nyingi. Sisi hapa ni wazima, ila mvua imewahi mwaka huu na njia ya kupanda huku Nabugoye imekuwa tope tupu. Boda boda wanatushusha kule chini, tunamalizia kwa miguu, viatu mkononi. Mapacha hawajambo? Na mama, goti limepata nafuu?

Siku ile unaondoka uliniuliza swali ukiwa mlangoni, mkoba begani. Ulisema, "Wewe umepoteza mtaji wote na bado unaimba ukiosha vyombo. Kwani unakunywa nini?" Nilicheka tu, maana jibu lilikuwa refu na matatu ya Malaba ilikuwa inapiga honi. Sasa watoto wamelala, acha nikujibu.

Kwanza nikutoe wasiwasi mmoja. Najua huko nyumbani bado wanasema niliacha Kanisa la Marafiki nikaingia dini ya Kiyahudi kwa sababu ya mwanamume. Mwanamume alikuwepo, sikatai. Lakini hakuna mtu anayesoma miaka miwili, akahojiwa na jopo la watu watatu, akazama kwenye maji ya mikve, bwawa la utakaso, mara tatu bila hata hereni mwilini, eti kwa ajili ya mwanamume peke yake. Wanaume wanapatikana kwa bei nafuu kuliko hiyo.

Sasa tuje kwenye nyanya. Ulisikia kwamba zilioza, hukusikia zilivyooza. Alhamisi ile nilinunua kreti 22 kutoka kwa wakulima wa mlimani, kwa pesa za chama. Ijumaa saa saba mchana zikapakiwa kwenye lori, mnunuzi azipokee Malaba jioni hiyo hiyo, bei tulishapatana. Nikarudi nyumbani nikijipongeza. Unajua jua la huku kwetu halina mchezo, mwaka mzima linazama saa kumi na mbili na nusu hivi au likichelewa sana saa moja kasoro. Kabla halijazama nikawasha mishumaa, nikafunika macho kwa viganja, nikabariki, nikazima simu na kuitupa ndani ya kopo la sukari lililo tupu. Humo ndimo inamolala kila Shabati, yaani Sabato yetu ya kupumzika, tangu Ijumaa jioni hadi Jumamosi usiku.

Lori lilikuwa limechelewa kutoka mjini. Likavunjika ekseli kabla ya kufika Tororo, giza likiingia. Dereva akapiga simu. Akapiga tena. Akapiga mara 14.

Mimi nilikuwa sinagogi naimba. Ungetusikia, Mama Mapacha! Zaburi zinaimbwa kwa Kiluganda na Kiebrania, kuna gitaa, kuna ngoma, wazee wanapiga makofi, watoto wanakimbizana kati ya viti na hakuna anayewakemea. Ni Jumamosi inayokaribishwa kama bibi harusi. (Halafu fikiria kituko hiki: kwa Kiswahili Jumamosi ni siku ya kwanza, kwa Kiluganda inaitwa ya sita, na kwa Kiebrania ndiyo ya saba. Mume wangu husema ndiyo maana wateja wangu hawaelewi nafunga kibanda lini.) Tukarudi nyumbani, tukala malewa, yale machipukizi ya mianzi, ya karanga niliyoyapika mchana, na mikate miwili imefunikwa kitambaa. Miwili kwa sababu ya mana: jangwani Ijumaa iliokotwa maradufu, na ile ya akiba ya Sabato haikuoza wala haikuota mabuu. Nyanya zangu hazikuisoma aya hiyo.

Kesho yake mchana kutwa nilikuwa na raha. Nililala usingizi wa mchana. Nilimsuka binti yangu... hapana, nadanganya, kusuka ni kazi, siku hiyo haturuhusiwi. Nilimkalisha tu mapajani, tukahesabu mawingu yaliyokaa juu ya mlima. Zilipotoka nyota tatu tukafanya Havdala, kuiaga Shabati: mshumaa wa kusokota, kikombe, na karafuu zinazopitishwa mkono kwa mkono kila mtu anuse, ili roho isizimie siku takatifu ikiondoka. Karafuu bado ziko puani, nikaitoa simu kwenye kopo. Ikaanza kutetemeka mezani kama kifaranga aliyeloa.

Nyanya zilikuwa zimeshinda juani kutwa nzima chini ya turubai. Katika kreti 22 nilipata saba za kuuza, tena kwa bei ya kutupa. Mume wangu akasema ile kauli ya Kiebrania wanayoirithishana, "Gam zu letova," hata hili ni kwa wema. Nikamwambia azichuuze basi kwa Kiebrania aone atapata shilingi ngapi. Hakunijibu. Alichukua beseni, tukakaa chini tukachambua usiku kucha, mikono miekundu hadi viwikoni. Harufu ile haijaniacha mpaka leo.

Lakini kilichoniuma zaidi si pesa. Ni kwamba nilifurahi. Saa 25 nilikuwa naimba, nala, nalala, nahesabu mawingu, na muda huo wote mali yangu inaoza kando ya barabara. Nikajiona mjinga. Nikajiuliza, ile furaha ilikuwa ya uongo? Na sikufichi: simu ingekuwa wazi, ningetafuta lori jingine na kuokoa angalau nusu. Usije ukaambiwa na mtu kwamba kuishika Sabato hakugharimu. Kunagharimu, na wakati mwingine gharama yenyewe ni kreti 15.

Swali hilo nililipeleka kwa mama mkwe, nikamkuta anapukuchua maharagwe. Yeye ni mzaliwa wa humu. Watu wake walimfuata Semei Kakungulu, yule mkuu wa vita aliyetumikia Waingereza, akaisoma Biblia mwenyewe na mwaka 1919 akajitahiri pamoja na wanawe, akatangaza kwamba wao sasa ni Wayahudi. Mama mkwe alikuwa msichana Amin alipopiga marufuku dini yao. Sinagogi zikafungwa. Wengi wakaingia misikitini na makanisani, wakabaki kama 300 tu. Kwao waliendelea kuwasha mishumaa chumbani, blanketi limetundikwa dirishani, wakiimba kwa kunong'ona.

Akaniuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye maharagwe, "Sisi tulikuwa tunanong'ona na tunafurahi, na Amin yupo Kampala anakula. Ilikuwa furaha ya uongo?"

Sikuwa na la kusema.

Halafu akanisimulia jambo ambalo huwa analirudia kila Pasaka ya Kiyahudi, ila siku hiyo lilinigonga. Amin aliangushwa tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo hiyo ndiyo Pasaka ilikuwa inaingia. Wageni wakisikia hivyo hupiga makofi, wanaona kama tamthilia. Mama mkwe yeye anachokumbuka ni kwamba unga wa mkate usiotiwa chachu ulikuwa umeshapatikana tangu juzi yake. Wangekaa mezani usiku ule, wakahadithiana jinsi babu zao walivyotoka utumwani Misri, awe ameanguka au hajaanguka. Akarudi kwenye maharagwe yake.

Nimelitafuna neno hilo miezi sasa. Huku wana maneno mawili. Moja ni emuna, na hilo wewe unalijua bila kujua: ni ndugu ya imani yetu na amana yetu, mzizi ni mmoja, hata amina ya mwisho wa sala imetoka humo. La pili ni bitahoni, kumtumainia Mungu. Mimi nilidhani bitahoni ni uhakika kwamba mambo yatanyooka: lori litafika, deni litalipika. Hapana. Ni kama unavyoegemea ukuta gizani ukitafuta mlango. Ukuta haukuahidi kwamba hutajikwaa kwenye ndoo.

Ile furaha ya Shabati haikuwa imekaa juu ya nyanya, ndiyo maana nyanya hazikuweza kuondoka nayo. Hivyo ndivyo ninavyoelewa mimi, na mimi si rabi.

Tena huku furaha haisubiriwi ije yenyewe. Ni amri, kama usiibe. Kwenye Sukoti, sikukuu ya vibanda, Torati inakuagiza ufurahi wewe na watoto wako na mgeni na yatima na mjane, na unafurahia wapi? Si kwenye nyumba ya mabati. Unahamia kibandani siku saba, paa la majani ambalo nyota zinaonekana. Sisi tunaezeka kwa migomba. Na Sukoti ya huku huja na mvua za mwezi wa tisa na wa kumi, kwa hiyo mara nyingi tunakula supu iliyoongezewa maji na Mungu mwenyewe. Wahenga wa Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, waliulizwa mvua ikinyesha mtu aruhusiwe kutoka kibandani lini, wakajibu: uji ukiharibika. Nilipofundishwa hilo nilicheka hadi mwalimu akacheka. Nikaona hawa ni watu ninaoweza kuishi nao.

Usidhani silii. Deni la chama bado miezi mitano, na zipo usiku ninaamka saa tisa nafanya hesabu kichwani hadi majogoo. Ila asubuhi kuna maneno ninayoyasema kabla hata mguu haujagusa sakafu, kabla sijanawa mikono: nashukuru mbele zako, Mfalme uliye hai, umenirudishia roho yangu kwa huruma, uaminifu wako ni mkuu. Jina la Mungu halimo humo, kwa sababu mikono bado haijanawiwa. Nayapenda kwa hilo. Yanaweza kusemwa na mtu mchafu, macho yamevimba, kitanda hakijatandikwa. Jumapili ile ya nyanya niliyasema kwa hasira, nayo yakakubali kusemwa hivyo hivyo.

Nisikuhubirie, ninyi mna Jumapili yenu na nyimbo zenu, bado nazikumbuka zote. Wajomba nao waambie wapoe. Wanalalamika kwamba kijana wangu alitahiriwa siku ya nane, hajui maana ya kusimama imara mbele ya kisu, hatahesabiwa rika. Kaka yangu alisema mtoto ameibiwa ngoma yake. Mwambie huku pia mwaka wa shufwa Wagisu wakianza imbalu, sherehe zao za tohara, kijana anaruka barabarani na wenzake kutwa nzima, ila jioni anarudi kulala bila deni.

Sasa la maana. Njoo na mapacha kwenye Sukoti, mlale kibandani, lete na shuka nzito maana huku juu kuna baridi. Na ukipita Bungoma mjini nichukulie karafuu kwa yule Mswahili wa dukani, zile nyeusi zenye kichwa. Zangu zimekwisha harufu, wiki iliyopita tulinusa kopo tu.

Ukitaka kunijulisha siku ya kuja, usipige Ijumaa jioni. Simu itakuwa kwenye sukari. Piga Jumamosi saa mbili usiku, nitapokea.

Wako,
yule wa kitanda cha juu