Salamu za Pasaka: Nipelekeni Bagamoyo

Kristo amefufuka, ndugu zangu! Amefufuka kweli kweli, aleluya!

Nawaandikia asubuhi ya Jumatatu ya Pasaka, pilau la jana bado liko kwenye sufuria na mgongo wa mkono wangu una alama nyekundu ya nta. Mkesha wa Jumamosi taa zilizimwa, padri akaimba "Mwanga wa Kristo", nasi tukawashiana mishumaa mmoja mmoja hadi kanisa lote likang'aa. Mtoto aliyekaa pembeni yangu aliuinamisha wake kumtazama kumbikumbi sakafuni, nta ikanichuruzikia. Nikaipokea kama salamu ya kwanza ya sikukuu.

Sasa niwaambie lililotuweka macho siku hizi. Ukoo wetu umeamua kwenda hija mwaka huu, na kwetu jambo halipiti bila kikao. Shangazi anataka Yerusalemu, akanyage kwa miguu yake alipokanyaga Bwana. Kaka mkubwa anasema Lourdes, Ufaransa, ingawa tukimuuliza nauli anaanza kukohoa. Vijana wanataka Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni, na hoja yao ina uzito: mashahidi Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto pale mwaka 1886, wengi wao vijana wa rika lao hasa. Kuna aliyetaja Kibeho, Rwanda, ambako wasichana wa shule walianza kutokewa na Bikira Maria mwaka 1981.

Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi nipelekeni Bagamoyo."

Watu wakacheka. Bagamoyo? Si hapo tu, kilomita kama 70 kutoka Dar, tunakokwenda kula pweza?

Mimi sikucheka, na Injili ya leo imenipa sababu. Kaburi lilikuwa Yerusalemu. Hekalu lilikuwa Yerusalemu. Lakini Bwana aliyefufuka anawatuma wanawake wakawaambie ndugu zake waende Galilaya, huko ndiko watakakomwona. Galilaya! Kwenye nyavu na harufu ya samaki, walikoitwa mara ya kwanza.

Bagamoyo ndiyo Galilaya yetu sisi wa Bara. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar wakiongozwa na Padri Antoine Horner, na ufukweni upo msalaba wa kukumbuka ujio huo. Walikomboa watumwa, wakaanzisha nao kijiji cha watu huru. Vijana wetu nao wasijidai sana na Namugongo yao: wamisionari Wakatoliki wa kwanza kufika Buganda, akina Padri Lourdel, walianza safari yao ya bara kutoka Bagamoyo hiyohiyo mwaka 1878. Ukipita makaburi ya misheni usome mawe yale taratibu. Wengi malaria iliwazoa wakiwa bado vijana, hata Kiswahili hakijawakolea mdomoni.

Nilikwenda huko Kwaresima hii, peke yangu, bila kuaga mtu. Niseme ukweli: kwa miaka kadhaa nimekuwa nikienda misa kama mtu anayekwenda kununua umeme, nalipa, napata risiti, narudi nyumbani. Pale misheni kuna mbuyu mkubwa. Wanasimulia kwamba mama mmoja wa Kifaransa alikuwa akimfunga punda wake hapo kwa mnyororo, mnyororo ukaachwa, na mti ukaendelea kunenepa hadi ukaumeza. (Wageni wengi hudhani ni mnyororo wa watumwa, sivyo.) Leo kinachoonekana ni kipande kifupi tu chenye kutu, kimechomoza kwenye gome. Nilikishika nikakivuta. Hakikusogea hata kidogo. Nikakaa chini kwenye mizizi nikasali rozari nzima, matendo ya uchungu, bila kuangalia simu. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilifanya hivyo.

Kwa hiyo ukiniuliza hija ya kwenda wapi, nami nitakuuliza kilichopoa kwako ni nini. Mwenye woga wa kujulikana kazini kwamba anasali, aende kwa mashahidi. Aliyesahau alikoanzia kama mimi, hahitaji pasipoti.

Kikao kimeshapitisha. Tutaondoka Jumamosi baada ya Misa ya asubuhi, basi dogo, nafasi zimebaki nne. Mje na rozari, kofia ya jua na chakula chenu, maana mama amekataa katakata tusimame njiani kununua mishikaki kabla hajasali. Shangazi naye amekubali, kwa sharti moja: tukirudi, mchango wa Yerusalemu uanze siku hiyohiyo, na kaka mkubwa awe mweka hazina.

Pasaka njema, wapendwa. Wagonjwa wote majumbani tunawaombea, na watoto wapeni soda.