Barua ya wazi: Mzigo mnaupima, breki anapima nani?

Mheshimiwa, shikamoo.

Jina lako silitaji, unajijua. Sisi wa Iwambi, hapa Mbeya, tunakukumbuka ulivyosimama pale juu ya mteremko, viatu vimejaa vumbi, ukatuahidi kwamba kabla ya masika kutakuwa na mahali pa malori kusimama na kukaguliwa breki. Masika ikaja, ikaondoka, ikaja tena. Pengine kosa ni letu, hatukuuliza ni masika ya mwaka gani.

Jumanne iliyopita lori la kwenda Tunduma limeshuka bila breki. Namshukuru Mungu dereva alikuwa mzoefu, akaligongesha kwenye kingo ya mlima badala ya kuliacha liende kwenye bajaji zilizojipanga kule chini Mbalizi. Ila kati ya lori na ile kingo palikuwa na banda langu la pancha. Kompresa niliyoikopea kwenye kikoba, jeki mbili, tairi za wateja, vyote vikalala chini ya tela. Kijana wangu kavunjika mkono wa kulia, ule wa nyundo. Marejesho ya kikoba ni kila Jumamosi, na kina mama wale hawajui habari za ajali.

Kabla winchi haijafika niliingia chini ya tela. Nilikuwa utingo miaka sita, njia ya Dar hadi Lubumbashi, najua pa kuangalia. Ekseli tatu, pande sita za kufunga breki. Hosi mbili, ile mipira inayopeleka upepo wa kufunga breki, zilikuwa zimekunjwa na kufungwa kwa waya, na waya una kutu. Bila shaka busta, yale makopo ya upepo yanayosukuma breki, zilivuja, mtu akaziba ili upepo usiishe njiani. Kutu ile haikuota Jumanne, Mheshimiwa. Pande nne zikabeba kazi ya sita, na nahisi dereva aliweka fri, yaani alitoa gia, kubana dizeli, wengi ndivyo wanavyofanya, halafu akakanyaga pedeli mlima mzima. Dramu za breki zikipata moto kiasi hicho, laining inayozibana haishiki tena, hata ukanyage kwa miguu miwili. Nilipofika bado zilikuwa zinafuka, huwezi kuweka kiganja.

Stika ya ukaguzi ilikuwa kwenye kioo. Kioo kimepona.

Na mzigo ulikuwa halali! Dereva alikuwa na karatasi ya mizani mfukoni. Sheria ya Afrika Mashariki ya 2016, iliyoanza kutumika hapa kwetu 2019, inataka gari lisizidi tani 56, ekseli ya usukani tani 8, zile tatu za nyuma kwa pamoja tani 24. Hapo hamna mzaha. Tuliwahi kulala kwenye mizani ya Makambako kwa sababu mzigo ulisogea nyuma ukazidisha ekseli, tukahamisha magunia usiku kucha, moja moja, kwa baridi ile unayoijua. Sikatai, lami inaumia. Lami ina mtetezi. Lakini tani 56 zenye karatasi safi, zikikosa breki, sisi wa chini hatuzioni tofauti na tani 70.

Julai 2018 watu 20 walikufa kwenye mteremko huuhuu. Viongozi walikuja, maturubai yakafungwa, tukaambiwa mambo mazuri. Barabara ya njia nne ni jambo jema, hatukatai, ila lori lisilo na breki halihesabu njia.

Basi mimi siombi fidia. (Ningeomba, lakini mwenye lori hapokei simu.) Naomba kile kituo. Eneo tambarare juu ya mteremko, kila lori lisimame dakika kumi, dramu zipoe, mtu mwenye tochi aingie chini ya tela aangalie hosi, asome geji ya upepo dereva akiwa amekanyaga pedeli. Halafu dereva ashuke na gia nzito. Mnaweza kumlaza mtu Makambako kwa nusu tani, mnashindwaje kumsimamisha dakika kumi Iwambi?

Kama tatizo ni bajeti, tochi ninayo. Mawe ya kuzuia tairi ninayo pia. Kituo tu, Mheshimiwa. Kile ulichotuonyesha kwa kidole.

Wako,
Fundi pancha, Iwambi, Mbeya
(banda halipo kwa sasa, niulize kwa muuza maparachichi)