Barua kwa mwanangu: chai ya asubuhi na kisukari

Mwanangu mpenzi,

Salaam nyingi kutoka nyumbani Ngamiani, Tanga. Sisi hatujambo. Baba yako mguu umepoa, ameanza tena kwenda msikitini mwenyewe.

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Umesema sukari kabla hujala ilikuwa 11.8 (mmol/L), wakarudia siku ya pili ikawa vilevile, na daktari amekwambia ni kisukari aina ya pili. Kisha ukaandika, "Mama usiwe na wasiwasi, sukari kwenye chai nimeshaacha." Hapo ndipo nilipotafuta karatasi. Mimi nami nilianza hivyohivyo, baba, na nilipoteza miaka miwili.

Nilipogunduliwa wewe ulikuwa kidato cha pili. Kliniki niliyokwenda kwanza walinipa dawa, wakaniambia niache vitu vya sukari, wakaita mgonjwa anayefuata. Nikatii. Chai nikanywa bila sukari, soda nikaisahau, hata halua ya Idi sikuigusa. Asubuhi nikawa najipikia uji wa dona, bakuli zima, bila chembe ya sukari, nikijua nafanya la maana. Kila nikirudi kupima, 13, 14. Siku moja muuguzi akanisema mbele ya watu kwamba nakula sukari kwa siri. Nililia njia nzima mpaka nyumbani. Wallahi sikuwa nimeonja.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa kliniki nyingine niliyohamia baadaye. Aliniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza kabla yake: "Asubuhi ya leo umekunywa chai na nini?" Nikamwambia uji. Akanieleza taratibu kwamba wanga wote, wa mahindi, ngano, mchele, muhogo au ndizi, ukishasagika tumboni unageuka sukari na kuingia kwenye damu. Dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe, ni kweli, lakini wanga wake upo palepale. Na uji una jambo lake la ziada: unga umeshasagwa, umeshaiva, tena ni majimaji, kwa hiyo tumbo halina kazi kubwa ya kufanya. Unapita upesi na sukari inapanda upesi.

Akanifundisha kupima mara mbili: kabla ya kula, na saa mbili tangu tonge la kwanza. Nilifanya hivyo siku mbili mfululizo. Siku ya uji nilianza na 8.6, nikaishia 14.9. Siku ya pili nilikula mayai mawili ya kuchemsha, mchicha wa kukaanga na kitunguu, na nusu parachichi. Nilianza na 8.4, nikaishia 9.1. Dawa ni ileile, mwili ni uleule. Nikaziandika namba hizo kwa kalamu ya wino nyuma ya kalenda, na kalenda ile bado ninayo kabatini, ukija nitakuonyesha.

Sasa kwa nini nakuandikia habari za asubuhi peke yake, na siyo ugali wa mchana wala wali wa usiku? Kwa sababu asubuhi ndiyo saa ngumu. Kuelekea alfajiri mwili unatoa homoni za kutuamsha, na ini nalo linamwaga sukari yake kwenye damu ili tupate nguvu za kuanza siku. Kwa mtu mzima wa afya insulini, homoni ya kushusha sukari kwenye damu, inaidhibiti. Kwa sisi haitoshi, au mwili hauisikii vizuri. Ndiyo maana utalala bila kula kitu na uamke sukari iko juu kuliko ulivyolala. Ukiilundikia chapati mbili juu yake, unaibeba siku nzima.

Na tazama tunavyosema wenyewe. Mtu akikuuliza "umekunywa chai?" anauliza kama umekula, na ukitaja vitafunwa watu wanafikiria maandazi, chapati, vitumbua, mkate, muhogo, viazi vitamu. Wanga mtupu. Slesi moja ya mkate ina kama gramu 15 za wanga. Chapati kubwa ya mgahawani inaweza kupita gramu 40. Kijiko cha chai cha sukari ulichokiacha kilikuwa na gramu 4. Umefanya vizuri kukiacha, lakini ona mwenyewe mzigo mkubwa uko wapi. Yai zima halifiki hata gramu moja.

Najua hapo Kariakoo hupiki, unakula kwa mama ntilie kabla ya kufungua duka. Sikwambii uhame. Supu yake endelea nayo, ya kuku au ya samaki ndiyo bora, ndimu na pilipili kadiri upendavyo, chumvi kidogo. Chapati ndiyo uiache. Mwombe akuchemshie mayai mawili badala yake. Mwambie kabisa kwamba una kisukari. Sisi wanawake tunaouza chakula tunaelewa, wapo wateja wetu ambao ni wagonjwa na hawasemi. Chipsi mayai usijidanganye kwa jina la mayai, ile ni sahani ya viazi. Akiwa na maharage, pakua kiasi cha ngumi yako, yaliwe yenyewe bila mkate. Maharage, kunde na mbaazi vina wanga pia, ila nyuzinyuzi zake zinauchelewesha. Chai ya maziwa punguza maziwa. Kikombe kizima cha maziwa kina kama gramu 12 za sukari yake ya asili. Chai ya rangi yenye tangawizi na hiliki haina shida. Juisi ya miwa, juisi ya embe, hata ile unayoambiwa haikutiwa sukari, hapana. Asali nayo ni sukari, akwambie nani asikwambie nani.

Siku ukiwa nyumbani, dagaa wa kukaanga na kachumbari ni kifungua kinywa kizuri sana. Samaki aliyebaki jana usiku, umpashe moto na ndimu. Mtindi usiotiwa sukari na konzi ya karanga. Mimi siku hizi napenda matembele ya nazi na kipande cha kibua. Nikila saa moja, mpaka adhuhuri sijasikia njaa. Zamani nikinywa uji, saa nne nilikuwa natetemeka natafuta kitu cha kutafuna.

Kuna jambo limenikaa moyoni na lazima niliseme. Ada yako ya shule ilitoka kwenye vitumbua. Uliamka na mimi saa kumi usiku, wewe ukishika taa na mimi nikimimina unga wa mchele kwenye chungu cha mashimo, na malipo yako yalikuwa kitumbua cha kwanza, cha moto, kingo zake zimekauka. Tulipogunduliwa sote wawili nilijiuliza kama nilikulisha ugonjwa. Daktari aliniambia kisukari hiki kina mambo mengi, damu ya ukoo, uzito, kukaa kitako, umri, na siyo kitumbua cha mtoto. Namwamini. Nawe nataka uamini hivyo, usije ukamlaumu mtu wala kujilaumu. Kitumbua kimoja siku ya Idi, baada ya chakula chenye mboga na samaki, hakitakuua. Cha kila asubuhi ndicho nakuomba tukiache.

Sasa sikiliza hili kwa makini kuliko yote. Usibadilishe chakula ghafla kabla hujaongea na daktari kuhusu dawa zako. Umesema umepewa metfomini na glibenklamaidi. Metfomini peke yake kwa kawaida haishushi sukari kupita kiasi, na ukiinywa na chakula hata tumbo halisumbui sana. Lakini glibenklamaidi inalazimisha kongosho kutoa insulini, ule usile. Ukipunguza wanga na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka mno. Wanaochoma insulini ni vivyo hivyo. Ukisikia jasho la ghafla, mikono inatetemeka, moyo unakimbia, au maneno yanakupotea, pima. Ikiwa chini ya 4, koroga vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, unywe, subiri dakika 15, upime tena. Wakati huo sukari ndiyo dawa, usiikatae. Mwambie na kijana anayekusaidia dukani, ajue la kufanya. Na waulize wakupime figo, maana mwenye figo dhaifu hapaswi kujilundikia nyama na mayai bila ushauri.

Vijiti vya kupimia ni ghali, najua. Mimi sipimi kila siku. Nachagua siku mbili kwa wiki, na siku hizo napima kwa jozi, kabla na baada, na naandika nilichokula. Mimi nimewekewa lengo la kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula, na saa mbili baada ya kula isifike 10. Yako atakupangia daktari wako. Baada ya miezi mitatu waombe kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu, HbA1c, hicho ndicho kitakachosema ukweli wote.

Nimempa konda wa basi la saa kumi na mbili asubuhi kifurushi chako. Umfuate stendi ya Mbezi kesho mchana. Kuna dagaa wakavu kilo moja, nimewachambua vichwa mwenyewe, karanga za kukaanga ndani ya chupa, na mashine yangu ya zamani ya kupimia yenye vijiti 25. Nimeangalia tarehe, havijaisha muda. Ndani ya daftari dogo la kijani nimekuchorea mistari: tarehe, kabla, nilichokula, baada. Ukurasa wa kwanza nimekujazia namba zangu za wiki hii uone. Jumamosi pima, unipigie unisomee zako.

Mama yako