Msiwacheke wanaochunguza mayai ya samaki

Bwana Mhariri,

Assalaam aleikum. Juzi barazani hapa Mkomani, Lamu, kulizuka mjadala kuhusu wanasayansi wanaotia bakteria kwenye viinitete vya samaki, yaani mayai yaliyoanza kukua, ili wakielewe kifua kikuu, wazee wangu wakasema ati hao wamekosa kazi, na mmoja akauliza kwani samaki ana mapafu? Mi nikanyamaza kwa adabu lakini moyo uliniuma, manake kakangu mvuvi aliugua kifua kikuu, akameza dawa miezi miwili, akaona kikohozi kimekatika akaziacha akarudi baharini. Ugonjwa ukamrudia.

Sasa wazee wangu niwieni radhi nieleze. Huyo ni samaki mdogo mwenye milia, asili yake mito ya India na Bangladesh, na yai lake hukua nje ya mama tena liko wazi kama kioo, ukiliweka kwenye hadubini waona mpaka moyo ukipiga. Hatiwi kifua kikuu chenyewe, anatiwa Mycobacterium marinum, bakteria wa ukoo mmoja nacho, anayewaugusha samaki na ambaye hata mvuvi aweza kumpata mkononi akichomwa na mwiba. Basi watafiti wanaona kwa macho yao vile chembe za kinga zinavyommeza huyo bakteria, alafu badala ya kummaliza nyingine zinamfuga na kumtembeza mwilini. Kwa mtu hai utayaona wapi hayo na mapafu yako ndani ya mbavu?

Na 2011 samaki wachanga hao wakaonyesha kitu kilichonigusa sana, kwamba bakteria akishakuwa ndani ya chembe anawasha kama pampu za kuitema dawa nje, ndo anaistahimili. Nikamkumbuka kaka. Kikohozi kilikatika lakini bakteria waliojificha walikuwa hai, na siku ile ya kwanza hakuna aliyemfafanulia hivo, aliambiwa tu miezi sita usikose, kama amri.

Anayeuliza kuhusu uchungu wa mnyama ana haki kuuliza. Sheria ya Ulaya inaanza kumlinda huyo samaki pale anapoanza kujilisha mwenyewe, kama siku ya 5, na mi naona ni mpaka wa haki.

Ombi langu muyaandike haya kwa Kiswahili chetu, na picha muweke, mgonjwa aone adui yake anajificha wapi. Kaka sa yuko mwezi wa nne wa dawa za mara ya pili, na kila asubuhi kabla sijatoka namuuliza ashameza.

Msomaji wenu,
Mkomani, Lamu