Barua kwa mwanangu: kutengwa, kujitenga na upweke

Temeke, Dar es Salaam

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, sisi hapa nyumbani hatujambo, na mama yako amenihimiza nikuulize kama unakula vizuri huko Mbezi. Ningeweza kukupigia simu, lakini jambo ninalotaka kulisema linahitaji kusomwa kwa utulivu. Katika ujumbe wako wa juzi uliandika kwamba tangu uhamie huko "umetengwa na ukoo". Nimekuwa karani wa mahakama kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kazi ile ilinizoesha kuuliza maana ya neno kabla ya kusikiliza shauri, kwa hiyo nivumilie.

Kutengwa ni jambo zito kwa sababu lina mtendaji. Mtu hutengwa na watu waliokaa kikao wakakubaliana. Katika vijiji vingi vya nchi hii, asiyeshiriki misiba ya wenzake hutengwa, na siku akifiwa yeye, hakuna anayekuja kumchimbia kaburi wala kumkalia matanga. Makanisa nayo yana utaratibu wa kumtenga muumini mpaka arudishwe kundini. Anayesema "nimetengwa" basi anamshitaki mtu, na msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani, na kwa kosa gani? Baba zako wadogo walioisikia kauli yako wameanza kutazamana, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyekukosea.

Uliyomweleza mama yako baadaye, yaani kurudi chumbani jioni usimkute wa kuzungumza naye, yanaitwa upweke, na upweke hauna mshitakiwa. Humpata mtu hata ndani ya basi la mwendokasi la saa kumi na mbili jioni kwenda Kimara, akiwa amebanwa pande zote na hana pa kuweka mguu. Usiuchanganye na ukiwa, ambao ni wa yatima, wa mjane na wa nyumba iliyohamwa. Neno hilo liache mpaka likuhusu, na namwomba Mungu likawie. Wala usiuchanganye na faragha. Wewe ulilelewa katika nyumba yenye wapangaji kila chumba na choo kimoja uani, ambako pazia la mlangoni ndilo lililokuwa ukuta wetu, na kikohozi cha mmoja kilijulikana na wote. Leo una chumba chako na ufunguo wako. Nadhani sehemu ya hicho unachokiita kutengwa ni faragha ambayo hujaizoea bado.

Tena kitenzi chenyewe hakina ubaya. Serikali hutenga fedha katika bajeti, manispaa hutenga eneo la soko, na mama yako, kila ulipochelewa kurudi kutoka shule, alikutengea chakula: bakuli la wali lilifunikwa kwa sahani, likawekwa juu ya kabati, mbali na paka na mbali zaidi na kaka zako. Aliyetengwa ameondolewa kwa wenzake, ilhali aliyetengewa amewekewa fungu lake. Tendo ni lile lile la kuweka kitu kando, na tofauti yote iko katika nani anafikiriwa wakati wa kukiweka.

Kujitenga nako kumebadilika mbele ya macho yetu. Mtaani kwetu lilikuwa ni neno la kulaumu: jirani asiyekaa barazani na wenzake husemwa kwamba anajitenga, na maana yake ni kuwa anajiona. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, likageuka kuwa neno la kinga, na aliyejitenga akawa ndiye anayewajali wengine. Ndipo pia "karantini", lililokuwa la watu wa bandari na mifugo, likaingia vinywani mwa wauza mboga. Asili yake ni siku arobaini ambazo meli zilisubirishwa kwenye bandari za Italia kabla ya abiria kushuka. Mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik nchini Kroatia, ulikuwa umetangulia mwaka 1377 kwa kuweka siku thelathini. Hata hapa jirani, katika kisiwa cha Changuu, Unguja, palijengwa gereza katika miaka ya 1890, lakini majengo yake yakaishia kuwa mahali pa kuwaweka wasafiri waliohofiwa kuwa na maradhi. Nami hucheka kidogo, kwa kuwa wanawake wa pwani wana arobaini yao ya siku nyingi: mzazi hukaa ndani na mtoto wake, akikandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga, na hakuna anayesema ametengwa, maana nyumba huwa imejaa mashangazi.

Kuhusu binamu yako, tafadhali acha kusema kwamba ameachika. Mtaani tunasema "wameachana" hata pale mke alipokwenda kwao kupumzika, lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatofautisha kutengana na talaka. Waliotengana wanaishi mbalimbali huku ndoa yao ikiwa hai, na mke hana ruhusa ya kuanza kutafutiwa mchumba. Talaka ya mahakamani, kwa kawaida, haiombwi kabla shauri halijapita kwenye baraza la usuluhishi. Yeye na mumewe wametengana tu, na neno lako moja laweza kuwafikisha mahali ambapo wenyewe hawajafika.

La mwisho ni la shangazi yako, ambalo ndilo lililoniuma. Ulimwambia mdogo wako kwamba shangazi "amefungiwa ndani" tangu mumewe afariki. Hakuna aliyemfungia. Amekaa eda, ambayo kwa mjane ni miezi minne na siku kumi, au hadi kujifungua kwa mwenye mimba. Ameacha manukato, wanja na nguo za mapambo, na hatoki bila haja, kwa kuwa anatimiza ibada na kumwombolezea mtu aliyeishi naye tangu ujana. Kila Ijumaa wanawake wenzake huja kumsomea na kukaa naye, na mdogo wako humpelekea maji na mkaa bila kutumwa. Ukimpigia simu, mpe pole ya kufiwa tu, usimwonee huruma kwa kukaa kwake ndani, na umtajie siku utakayokuja kumwona ili asikae akikutazamia bure.

Wasalaam,
Baba yako