Kiwanja cha mgambo kisigawiwe bila kuandikwa

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Siku ya Mashujaa, Julai 25, niliisoma mara mbili. Mmeandika vizuri juu ya Vita vya Kagera: makamanda, mizinga, Daraja la Kyaka lililolipuliwa na majeshi ya Idi Amin wa Uganda. Mgambo, yule raia aliyefundishwa kulinda nchi, hamkumtaja hata kwa bahati mbaya. Nami naandika wiki hiihii ambayo kijijini kwetu, wilayani Masasi, tumeambiwa kwamba kile kiwanja nyuma ya shule ya msingi kitapimwa na kugawiwa watu wajenge.

Kwa vijana, hapo ni mahali pa kuchungia mbuzi. Mkongwe akipita anaweza bado kukuonyesha mistari ya mawe yaliyokuwa yakipakwa chokaa, na mwembe alikokuwa akisimama mwalimu wa kwata na filimbi yake. Hatukuwahi kuwa na ukumbi wala bohari. Jeshi la akiba kwetu lilikuwa kiwanja, mwembe na filimbi.

Mambo hayo hayakuzuka tu. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi letu la wakati huo, waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo, na Serikali ikalazimika kuwaita Waingereza waje kuwazima. Ilikuwa aibu. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba 1 mwaka huohuo likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ. Kisha Novemba 1970 Wareno wakaivamia Guinea kutokea baharini, na miezi miwili baadaye Amin akampindua Rais Obote hapo jirani, Uganda. Mwongozo wa TANU, chama tawala, wa mwaka 1971 ulitoka katika hofu hiyo: ulinzi usiachiwe walio kambini peke yao, mwananchi naye afundishwe silaha. Sisi wa kusini hatukuhitaji kuelezwa sana. Mreno alikuwa ng'ambo ya Ruvuma, anapigana na FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji.

Kwa hiyo watu walitoka mashambani jioni, jembe likawekwa chini, wakapanga mstari. Mguu sawa, mguu pande, nyuma geuka. Bunduki za kweli zilikuwa chache, wengi walijifunza kwa za mbao. Ya baba yangu aliichonga mwenyewe kwa mninga (kwa mpingo ingemvunja bega), na kwenye kitako akachoma namba 14 kwa msumari wa moto. Mama alikuwa akiichukua kufukuzia mbuzi, na baba akimkuta anakasirika kwelikweli, kana kwamba mama ameiba mali ya Serikali.

Oktoba 1978 Amin alipovuka mpaka, kiwanja kile ndicho kilichoitikia. Jeshi lililokuwa na askari wasiofika 50,000 lilipita 100,000 katika miezi michache. Wale wa ziada walitoka wapi, Mhariri? Wengi walitoka kwenye viwanja kama hiki, nchi nzima. Wa kwetu walipakiwa kwenye lori lililozoea kubeba magunia ya korosho, wakaenda kupigana pembe nyingine kabisa ya nchi, penye baridi na migomba, ambako hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Baba alirudi. Kuhusu vita alisema machache. Kuhusu matope ya Kagera alisema mengi.

Leo ukitaja mgambo mjini, mtu anamfikiria anayemwaga beseni la samaki la mama wa watu pembeni mwa stendi. Sikatai kwamba yapo, nimeyaona. Lakini wazee wetu walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na mgambo waliousema ni wito wa watu kukusanyika wasikie neno zito, uliotanguliwa na mbiu, yaani baragumu ya pembe. Jina la namna hiyo kuishia kwenye beseni la samaki, kwangu ni hasara.

Sipingi viwanja kugawiwa. Vijana wanaoa, wanahitaji pa kukaa, na mawe ya chokaa hayalishi mtu. Ninaloomba ni mawili. Serikali ya kijiji iuache mwembe na mstari mmoja tu wa mawe, eneo lisilozidi kiwanja kimoja cha nyumba. Na ninyi mmtume mwandishi kabla ya mvua. Waliopiga kwata pale na bado wana kumbukumbu nimewahesabu: ni watano, na mmoja haamki tena kitandani ila akili yake ni nzima. Huyo aanze naye.

Akija, nitampa pia ile bunduki aipige picha. Mchwa wameila mdomoni, lakini namba 14 inasomeka.

Wasalaam,
Msomaji wenu,
Masasi