Uso mkavu sio kwamba hana hisia

Ndugu mhariri, poleni na kazi. Ile makala yenu ya skizofrenia, ule ugonjwa wa akili, nimeisoma nikaishia katikati, pale mwandishi aliposema hawa wagonjwa hawana hisia, maana mi naishi na mmoja ndani, mdogo wangu wa kiume.

Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga anampiga Simba 5-1, sebuleni kelele tupu, mdogo wangu Simba damu damu lakini katulia tu kama anaangalia taarifa ya habari, jirani akasema huyu afadhali hata haelewi kinachoendelea. Usiku chakula hakugusa, kesho yake jezi kaifungia kwenye begi, afu ananiambia kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka, "kocha alichelewa kubadilisha". Huyo ndo hana hisia?

Na hili lilishapimwa. Ann Kring na John Neale wa Marekani walitoa utafiti wao 1996, wagonjwa na wazima wakaonyeshwa vipande vya filamu vya kugusa moyo, nyuso za wagonjwa zilicheza kidogo ila walivyoulizwa wanajisikiaje majibu hayakuwa chini ya wenzao, na kipimo cha ngozi kikaonyesha msisimko wao ulikuwa juu zaidi.

Tena uso mkavu unaweza kuletwa na dawa za ugonjwa huu, haloperidol kwa mfano inaweza kukaza misuli mpaka uso unakuwa kama barakoa na mikono haichezi akitembea, ukiona hivyo mrudishe kliniki waangalie dozi, usimkatishe dawa kienyeji. Kweli wapo ambao hata hamu ya kuoga au kutoka nje inaisha, hiyo ni dalili ya ugonjwa wenyewe na dawa nyingi haziigusi sana, sibishi.

Ila sisi nao tunachangia jamani. Uso usipojibu watu wanaacha kumsemesha, kijiweni haulizwi kitu, akikaa dukani wateja wanasema anaringa, kwenye msiba hapewi hata kazi ya kupanga viti, mwisho anajifungia chumbani afu tunasema ugonjwa umezidi. Kwetu sa hivi tunamuuliza tu wazi, umefurahi au umeudhika, na anajibu vizuri kabisa.

Naomba mrekebishe hiyo sentensi, na mkiandika tena muwahoji na wagonjwa wenyewe. Huyu wa kwetu amesema yupo tayari, ila hataki picha.

Dada mtu, Morogoro